Ratiba si Injili



Sisi tuliopitia shule ya ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asiye na maandalio huingia darasani mikono mitupu. Jambo hilo hatulikani hata leo. Lakini katika makundi yetu ya parokia umeingia ugonjwa ambao hatuna budi kuutaja waziwazi: ratiba imeketishwa mahali pa Mungu.

Tumeushuhudia kwa macho yetu. Mwaka mmoja, majuma mawili kabla ya tamasha la kwaya, familia zilizokimbia vita zilifika kwetu, zikalazwa katika ukumbi wa mazoezi. Kamati ikakutana. Hatukuuliza watu hao watakula nini. Tuliuliza mazoezi yatafanyika wapi. Tulikuwamo katika kamati hiyo, tukanyamaza. Tamasha lilifana, na aibu yake tungali nayo.

Tunajibiwa: «Tulikwisha kuamua, na paroko alikubali.» Je, uamuzi wa Januari waweza kumfunga Roho Mtakatifu hadi Desemba? Someni Matendo ya Mitume, sura ya 16. Paulo alizuiliwa kuhubiri Asia. Akajaribu kwenda Bitinia, akazuiliwa tena. Huko Troa akaona katika maono mtu wa Makedonia akiomba msaada, akavuka bahari mara moja. Kama angeshikilia njia yake ya kwanza, Lidia wa Filipi angebatizwa na nani?

Wako pia wanaokimbilia kosa la pili. Hawaandai chochote, kisha husema kwamba Roho ataongoza. Huo si utambuzi. Ni uvivu uliovikwa kanzu. Bwana mwenyewe alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: kwanza huketi na kuhesabu gharama.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola anatuonyesha njia iliyo sawa. Mwaka 1534, huko Paris, yeye na wenzake sita waliahidi kwenda Yerusalemu. Lakini ndani ya ahadi yenyewe waliweka sharti: wakishindwa kusafiri, watajiweka mikononi mwa Baba Mtakatifu. Walingoja Venezia, na vita vikafunga njia ya bahari. Hawakulia kwamba Mungu amewaacha. Walikwenda Roma, na mwaka 1540 Shirika la Yesu likakubaliwa. Mpango ulivunjika, utii ukabaki.

Tena Inyasi alionya kwamba saa ya giza moyoni tusibadili uamuzi tulioufanya katika mwanga. Basi, kuchoka si sauti ya Roho. Wala hasira juu ya kiongozi, wala mvua ya asubuhi. Kabla ya kubadili jambo, tujiulize: je, tumesali, au tumekasirika tu? Je, badiliko hili latupeleka kwa maskini, au latuondolea kazi? Je, tumewasikiliza wenzetu na mchungaji wetu?

Vijana wapendwa, andikeni ratiba zenu, tena kwa makini. Lakini kila mwezi, kabla ya katibu kuisoma, kaeni kimya mbele ya Ekaristi, kisha mwulizane ni nani amefika mlangoni ambaye hatukumwandika. Atakayethubutu kumtaja asizomewe kwamba anavuruga mpango. Huenda yeye ndiye aliyesikia.