Saa za Ziada Zikikatizwa

Mchukuzi wa ghalani Kasulu, au mlinzi wa Kibondo, huenda akapatana na mwajiri wake saa nne za ziada. Zikipita mbili, aambiwa arudi nyumbani. Na fedha zile alikwisha kuzipangia madaftari ya watoto! Adai nini?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Lakini malipo hayo ni ya saa zilizofanyiwa kazi. Hizo mbili ni zake bila ubishi. Zilizokatizwa zategemea maneno ya makubaliano. Basi yaandikwe kabla ya zamu.

Akidhulumiwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo. Asikawie: dai la ujira hupelekwa ndani ya siku 60.