Kwanza tusikie, kisha tuhukumu

Kuna watu wanaosema kwamba Arrival, sinema iliyotoka mwaka 2016, inaleta usingizi. Wanasema: «Wageni wametoka katika nyota za mbali, na hakuna vita! Mwanamke anaandika maneno tu.» Sisi tunawajibu: Mliitazama, lakini hamkuisikia.

Sinema hiyo ilitengenezwa na Denis Villeneuve, mtu wa Kanada, kwa kufuata hadithi ya Ted Chiang ya mwaka 1998. Vyombo vikubwa 12 vinashuka mahali mbalimbali duniani, na ndani yake mna viumbe wenye miguu saba. Askari wa Marekani wanamwita Louise Banks, mwalimu wa lugha. Mkubwa wao anataka jibu upesi: Wamekuja kufanya nini? Mwalimu anamweleza kwamba wageni wajue kwanza swali ni kitu gani, tena wajue kama «ninyi» ni mmoja wao au ni wote pamoja. Je, huo ni uvivu? Hapana, ndiyo akili.

Wengine watasema: «Adui hangojwi.» Haya, tuangalie yaliyowapata wenye haraka. Katika sinema hiyo Wachina walizungumza na wageni kwa mchezo wa mahjong. Lakini katika mchezo mna mpinzani, mna kushinda na kushindwa. Ukimfundisha mgeni maneno ya kushindana tu, atakujibu kwa maneno gani mengine? Basi wageni wakatoa neno, na watu wakalifasiri: «silaha». Mara mataifa yakaacha kusemezana, kila moja likaficha lililoyajua, na askari wengine wakatega bomu ndani ya chombo. Kumbe neno lile liliweza pia kuwa na maana ya kifaa cha kazi! Panga ni nini? Mkononi mwa mkulima ni kifaa, mkononi mwa mwuaji ni silaha. Nacho walichokileta wageni kilikuwa zawadi, yaani lugha yao. Tena waliigawa vipande 12, ili watu walazimike kusaidiana.

Mtatuuliza: «Na kama wageni wangekuwa wabaya kweli?» Hata hivyo ingefaa kuwafahamu. Asiyejua maneno ya adui yake atajilinda namna gani?

Wala tusiseme kwamba mambo hayo ni ya sinema tu. Viumbe wa namna ile hatujawaona, lakini mtu wa lugha nyingine tunakutana naye sokoni kila siku. Akisema neno tusilolijua, mara ngapi tumesema upesi: «Anatutukana»? Mara ngapi ugomvi umeanza hapo, na baadaye tukaona haya kwa kuwa alikuwa akitusalimu?

Basi ninyi mnaosifu ngumi, acheni kuita usikivu woga. Mwoga ndiye anayepiga kabla ya kusikia. Aliye hodari anauliza, anangoja jibu, na asipolifahamu anauliza tena.