Homa Isimwachishe Mtoto Ziwa



Katika mashamba ya chai na miwa ya Uganda, na katika viwanda vyake, wako akina mama wengi waliorudi kazini wakiwa bado wananyonyesha. Siku koo linapouma na mwili kuwaka homa, mama huyo husikia maneno mawili. Nyumbani huambiwa: "Maziwa yako yamechemka, usimpe mtoto." Kazini huambiwa: "Fanya kazi, au nenda nyumbani bila mshahara." Sisi tunasema maneno yote mawili ni makosa, na anayeumia ni mtoto.

Tuanze na la nyumbani. Homa haichemshi maziwa wala haiyaharibu. Mafua na maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, na mtoto anayelala na mama yake mara nyingi amekwisha kukutana navyo kabla mama hajajijua kuwa ni mgonjwa. Mwili wa mama unapopigana na ugonjwa hutengeneza kinga, na sehemu ya kinga hiyo humfikia mtoto kwa njia ya maziwa. Kumwachisha ziwa siku hizo ni kumnyang'anya ngao wakati vita vinaanza. Mama aendelee kunyonyesha, anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto, na afunike mdomo akikohoa.

Dawa nazo zisiogopwe, wala zisichezewe. Parasetamoli hupunguza homa na maumivu, na inafaa kwa mama anayenyonyesha: vidonge viwili vya miligramu 500 kwa mara moja, saa sita zipite kabla ya kurudia, visizidi vinane kwa siku. Aspirini aiache, na dawa zenye kodeini pia. Vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kwa jirani haviui virusi. Anywe maji na uji kwa wingi, asukutue koo kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, apumzike. Ikiwa ugonjwa wa koo umeletwa na bakteria, mganga anazo dawa za jamii ya penisilini ambazo hazimzuii kunyonyesha. Amwambie tu mapema kwamba ana mtoto ziwani.

Lakini homa si ya kukisia. Apimwe malaria bila kuchelewa. Aende hospitali upesi kama hawezi kumeza mate, anapumua kwa shida, shingo imekakamaa, au kama amejifungua karibuni na tumbo la chini linauma. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akipata homa, asingojewe hata usiku mmoja. Na wakati wa Ebola, kama mlipuko uliotangazwa wilayani Mubende Septemba 2022, aliyekuwa karibu na mgonjwa atoe habari mara moja na afuate agizo la waganga juu ya kunyonyesha, maana hapo kanuni ni nyingine.

Sasa la kazini. Iko homa ambayo kazi yenyewe huileta. Mama akishinda tangu alfajiri hadi jioni bila kunyonyesha wala kukamua, maziwa hujaa, ziwa huwa gumu na la moto, na homa inaweza kupanda. Hapo aendelee kunyonyesha, tena aonwe na mganga. Nyapara aliyemnyima nafasi ya kunyonyesha asishangae kesho akikosa mfanyakazi.

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa wiki ya siku sita, hizo ni wiki kumi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Je, miezi iliyobaki nani ataibeba? Jirani zetu wa Tanzania wamejibu: sheria yao ya ajira ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amruhusu mama kunyonyesha wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Na mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1919 ulikwisha kutaja nusu saa mara mbili kwa siku. Tangu hapo zaidi ya miaka mia imepita.

Waajiri watasema kilo zitapungua. Tunawajibu: mtoto aliyeachishwa ziwa mapema huharisha na kuugua zaidi, na mama yake hukosa kazini zaidi. Wapige hesabu hiyo pia.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu katika kila mkataba wa hali bora. Kwanza, muda wa kunyonyesha unaolipwa, na kibanda safi chenye maji karibu na kazi. Pili, zahanati ya shamba iwe na kipimo cha malaria na parasetamoli kila siku. Tatu, siku za ugonjwa zilipwe: sheria hiyo ya 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja kazini mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Mama atoe taarifa mapema, na cheti cha daktari akionyeshe kikitakiwa. Haombi huruma.

Nanyi ndugu wanaume, msiyaite haya mambo ya wanawake. Mtoto ni wenu pia.

Mtoto ananyonya kwa haki yake. Anayemkatisha ziwa ili kilo ziongezeke, huyo ndiye mnyonyaji.