Mnaomcheka deGrom, hebu leo tuelewane

Najua nimekuwa kimya muda mrefu, na wengine mmeuliza kama bado niko hai. Nipo jamani, shule tu imekaba. Nina ripoti mbili za maabara hazijaisha na profesa mmoja anayedhani hatuna masomo mengine zaidi ya lake. Ila leo ripoti zitasubiri. Kuna jambo limenikereketa msimu mzima wa besiboli wa 2025, nimelimeza vya kutosha, sasa nalitema.

Jambo lenyewe ni mashabiki wa Texas Rangers, hususan hawa ninaokaa nao bweni moja, na tabia yao kila Jacob deGrom anapopanda kilimani kurusha mpira. Jamaa anafanya mazoezi ya kupasha mwili, kamera inamwonyesha, na sebule nzima inaanza: "Leo anavunjika raundi ya ngapi?" Wanawekeana dau. Dola tano raundi ya tatu, dola tano raundi ya tano. Akikunja uso kidogo, au akijishika bega kupangusa jasho tu, watu wanapiga kelele kama wamefunga goli. Na hao ndo mashabiki wake! Wana jezi namba 48 mgongoni!

Kwa wadau wa Bongo ambao besiboli kwenu ni ule mchezo wa kwenye filamu, twende taratibu. Katikati ya uwanja kuna kituta cha udongo, urefu inchi 10 tu, hicho ndo kilima. Mrushaji anasimama pale, na mita 18 na ushee mbele yake yuko mpigaji na gongo lake (la kupigia mpira, si lile la kunywa). Kazi ya mrushaji ni kumfanya mpigaji akose. Mechi ina raundi 9, na mrushaji anayeanza mechi hupumzika siku nne tano hivi kabla ya kuanza nyingine, kwa sababu mkono wa binadamu haukuumbwa kurusha kitu kilometa 156 kwa saa mara 90 jioni moja. Akikosekana mrushaji wenu bora, ni kama timu ya mpira kukosa kipa na mshambuliaji kwa mpigo.

Sasa deGrom ni nani? Alianza ligi kuu ya Marekani Mei 2014 akiwa na New York Mets, na tayari alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa kiwiko mwaka 2010. Mwaka 2018 na 2019 alichukua tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora. Mwaka 2021 alifika mahali ambapo hata wazee waliozoea kusema "enzi zetu" walinyamaza: katika mechi 15 alikuwa anaruhusu wastani wa pointi 1.08 tu kwa kila raundi 9. Halafu Julai mwili ukagoma, msimu ukaishia hapo. Mwaka 2022 akarudi Agosti, akacheza mechi 11. Desemba mwaka huohuo Rangers wakampa mkataba wa miaka 5, dola milioni 185. Akacheza mechi 6 za 2023, Rangers wakashinda zote 6, kisha kiwiko kikakatika tena. Alipowaeleza waandishi wa habari kwamba anaenda kupasuliwa mara ya pili, alikuwa anajizuia kulia. Vuli ile Rangers wakachukua ubingwa wao wa kwanza katika historia yao, yeye akiwa majeruhi.

Akarudi Septemba 13, 2024 kule Seattle, akatupa chini ya raundi nne, hakuruhusu pointi. Na 2025 akacheza mechi 30, idadi ambayo hakuifikia tangu 2019. Raundi 172 na ushee, wastani wa 2.97, akachaguliwa timu ya nyota kwa mara ya tano. Huyu mtu, mwenye miaka 37, ndiye aliyekuwa anachekwa kwenye sebule yetu mechi zote thelathini.

Haya, nianze na kundi la kwanza, nawaita wahasibu. Hawa hoja yao ni hela. "Dola milioni 185 kwa mtu wa kukaa hospitali!" Na nitakuwa mkweli, hoja yao si upuuzi wote. Hela anayolipwa mtu aliyelala ni hela ambayo haikumnunua mwingine aliyesimama. Rangers hawakufuzu hatua ya mtoano 2024 wala 2025, na mwanafunzi aliyejibana akanunua tiketi ya kwenda Arlington ana haki ya kununa.

Lakini nuna na mwenye kosa, kama lipo. Wakati deGrom anasaini mkataba ule, dunia nzima ilikuwa inajua miaka miwili iliyopita alikuwa nusu uwanjani nusu kwa daktari. Hakuficha kitu. Waliosaini upande wa pili ni watu wazima wenye madaktari, wanasheria na kompyuta zao, wakapiga hesabu, wakaona inalipa. Iweje kiwiko kikikatika anayetukanwa ni mwenye kiwiko? Kuna mtu humu anadhani mwanamume anakatwa mkono mara mbili ili apate muda wa kupumzika?

Mnamkumbuka Stephen Strasburg wa Washington? Mwaka 2010 alikatika kiwiko katika msimu wake wa kwanza. Akarudi, na 2012 klabu ikamsimamisha baada ya raundi 159 kulinda mkono wake, timu ikaenda kwenye mtoano bila yeye ikatolewa. Kelele zilizopigwa siku zile si za nchi hii. Mwaka 2019 huyohuyo akashinda mechi 5 za mtoano bila kupoteza hata moja, akawa mchezaji bora wa fainali, Washington wakabeba kombe. Wakampa dola milioni 245 kwa miaka 7. Baada ya hapo akacheza mechi 8 tu. Ya mwisho ilikuwa Juni 2022 kule Miami, hakumaliza hata raundi tano, na 2024 akastaafu rasmi. Wahasibu wanaigawa ile milioni 245 kwa mechi 8, wanapata jibu la kuchekesha, wanacheka. Mbona kombe la 2019 hawaligawi? Mkono ulioisha ndo uleule uliowaletea kombe. Haukuibiwa na mtu, ulitumika.

Kundi la pili ni manabii. "Mi nilisema ataumia!" Hongera baba, umetabiri kwamba mvua ikinyesha tutalowa. Kwa mrushaji wa siku hizi kuumia si jambo la ajabu hata utabiri. Ule upasuaji wa kiwiko unaitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974. Daktari Frank Jobe alichukua kano kutoka mkono wake mwingine akaishona mahali pa ile kamba ngumu inayoshika mifupa ya kiwiko isiachane. Daktari mwenyewe alimpa nafasi ndogo sana ya kurudi. John akarudi 1976 akacheza mpaka 1989. Kipindi kile ulikuwa muujiza, leo ni kitu cha kawaida kwenye mchezo huu, mpaka vijana wa sekondari wanapasuliwa.

Kwa nini imekuwa hivi? Desemba 2024 ligi kuu yenyewe ilitoa ripoti kuhusu majeraha ya warushaji. Jibu lake kwa ufupi: kukimbiza spidi, kukimbiza mipira inayopinda zaidi na zaidi, na kurusha kwa nguvu zote kila mpira badala ya kubakiza akiba. Mwili unajengwa mpaka misuli inaweza kutoa spidi ambayo ile kamba ya kiwiko haiwezi kuibeba.

Na hapa ndipo ninapotaka kuwashika mashati, wadau. Nani anaipenda hiyo spidi? Nendeni uwanjani mkaone. Mrushaji akirusha, watu hawaangalii mpira umetua wapi, wanageuza shingo kuangalia ubao. Ukiandika 95, kimya. Ukiandika 100, ambayo ni kilometa 161 kwa saa, uwanja mzima unasimama, watu wanamwaga bia. Vijana wanatafutwa na kupewa nafasi vyuoni kwa namba hiyo. Sisi ndo wateja wa namba hiyo. Halafu kamba ikikatika tunasema jamaa ana mwili wa kioo. Unamwambia punda akimbie mpaka mapafu yatoke, akianguka unamcheka kwamba ni punda dhaifu?

Mwaka 2025 deGrom alifanya kitu cha akili. Alipunguza. Ile spidi ya 99 na zaidi ya mwaka 2021 akaiweka kando, akawa anarusha 97 hivi, nguvu zote akiziacha kwa dharura. Matokeo ni zile mechi 30. Na je, sebuleni kwetu walisemaje? "Kazeeka, hana tena ile kitu." Jamani! Akirusha kwa nguvu zote, kioo. Akijitunza, mzee. Hebu niambieni huyu mtu afanye nini ndo mridhike.

Mtasema ni utani tu, mbona nakuza mambo, deGrom mwenyewe yuko zake na mamilioni yake wala hatusikii. Kweli, hatusikii. Lakini kuna wanaotusikia.

Hapa bwenini kuna dogo wa mwaka wa kwanza, anarusha kwenye timu ya klabu, si ile kubwa ya chuo, hii ya kujilipia nauli wenyewe. Usiku mmoja alikuwepo sebuleni watu wakiwekeana dau, akacheka na wenzake. Siku mbili baadaye nikamkuta chumba cha kufulia anatoa nguo kwenye mashine kwa mkono wa kushoto, wa kulia kauning'iniza tu. Nikamuuliza, akasema kiwiko kinamuuma wiki ya tatu sasa. Kocha anajua? Hajui. Wenzake? Hawajui. Kwa nini? Akanijibu huku anakunja fulana: "Kaka, sitaki waanze kuniita deGrom."

Nilikaa na hilo neno siku nzima. Yaani jina la mmoja wa warushaji bora wa kizazi hiki, kwenye mdomo wa mtoto wa miaka 18, ni jina la aibu. Na aliyemfundisha si kocha wala daktari. Ni sebule. Alikuwa tayari aendelee kurusha mpaka kitu kikatike kuliko kusema "naumia" mbele ya watu waliocheka maumivu ya mwingine. Tulienda naye kwa daktari wa hapa, bahati nzuri hakuna kilichokatika, kaambiwa asiguse mpira wiki sita. Wenzake kawaambia ana mitihani. Mpaka leo wanajua ana mitihani.

Sasa msiniambie ni utani.

Lipo kundi la tatu, na hawa sina ugomvi nao: wale wanaoogopa. Kuna mshkaji mmoja, akipanda deGrom yeye anaenda kusimama koridoni, anauliza kupitia mlangoni, "Bado mzima?" Huyo namwelewa. Umempenda mtu anayekatika, kila mpira roho juu. Hofu yake ni ya mtu anayejali. Ila hata yeye namwambia rudi ndani kaka, unakosa mambo. Hii raha haina dhamana ya mwaka mzima, ni ya jioni hiihii, na wewe uko koridoni unaangalia ukuta.

Mashabiki wa Chicago Cubs waliwahi kuonyesha inavyofanywa. Kerry Wood mwaka 1998, akiwa na miaka 20, aliwatoa wapigaji 20 kwa stiraiki katika mechi moja. Msimu wa 1999 wote akaukosa kwa kiwiko, na miaka iliyofuata ikawa kupona na kuumia, kupona na kuumia. Watu wa Chicago walikuwa na sababu zote za kuchoka naye. Mei 18, 2012 akapanda kilimani mara ya mwisho, akamtoa mpigaji mmoja kwa mipira mitatu, akaanza kutoka. Uwanja ukasimama. Mwanae mdogo akatoka mbio benchi akamkumbatia. Mtu aliyewavunja moyo miaka 14, na walimpigia makofi kwa kila siku aliyorudi.

Ndicho ninachotaka hapa bwenini, wala si kikubwa. Mkataba wa deGrom unakwenda mpaka 2027. Anaweza kuumia tena, sikatai, kiwiko kilichoshonwa mara mbili hakina ahadi na mtu. Lakini akipanda kilimani, sitaki kusikia dau. Anayetaka kucheza kamari akacheze karata chumbani kwake. Na siku akijishika mkono akatoka, atakayeshangilia tutagombana kweli, nasema mapema, kwa sababu kwenye kochi la nyuma kuna dogo anasikiliza na bado hajawaambia kuhusu kiwiko chake.

Naomba kuwasilisha. Narudi kwenye ripoti zangu.