Njia Haipigiwi Hodi

Mei iliyopita niligeuzwa njiani kama mbuzi aliyeingia shamba la jirani, na sikusema kitu. Tangu hapo nimekuwa nikijibishana na yule mzee kichwani, usiku, kwenye matatu, nikioga. Leo nayatoa yote hapa.

Ilikuwa nje kidogo ya Chipping Campden, kimji cha mawe ya rangi ya asali kwenye vilima vya Cotswolds, Uingereza. Wakazi wake wanakiita mji, lakini wewe ukikiona utasema ni kijiji. Dada yangu anafanya kazi kwenye makao ya wazee, mwendo wa saa moja na kitu kwa basi kutoka hapo. Nilikuwa nimemtembelea siku kumi. Tiketi alilipa yeye, maana mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na makala kama hii hazinunui tiketi ya ndege.

Siku yake ya mapumziko tukashuka pale, tukapita jengo la soko lililojengwa 1627, tukaanza kufuata mishale ya njano iliyopigiliwa kwenye vigingi. Mshale wa njano maana yake ni njia ya umma ya miguu. Kwenye ramani ilikuwepo pia, vistari vya kijani vikikata shamba. Tukafungua geti la kwanza, tukalifunga. Kondoo wakatuangalia. Kwenye geti la pili akatokea mzee na mbwa wake.

"Mmepotea?" akauliza. Kwa upole kabisa, hilo lazima niseme.

Nikamwonyesha ramani. Akasema ndiyo, njia ipo, lakini wageni kwa kawaida hupitia barabarani. Wakati tunaongea, mama mmoja mwenye fimbo mbili za kutembelea alitupita, akafungua geti hilohilo na kwenda zake. Hakuulizwa kama amepotea. Hakuwa na ramani hata.

Dada akasema samahani, tunarudi. Nikamwambia, "Dada, hii ni njia ya umma." Akanivuta mkono. "Wewe uko hapa siku kumi. Mimi viza yangu iko mikononi mwa mwajiri. Sitaki polisi, sitaki maneno. Twende."

Tukarudi.

Sasa sikiliza kitu ambacho ningemwambia yule mzee kama ningekijua siku hiyo. Sheria ya kwao yenyewe, ya barabara na njia, ya 1980, inasema watu wakipita mahali miaka 20 mfululizo kana kwamba ni haki yao, njia hiyo inahesabiwa kuwa ya umma, isipokuwa mwenye ardhi athibitishe kwamba hakukusudia kuitoa. Na hiyo "kana kwamba ni haki yao" ina maana tatu: bila nguvu, bila kujificha na bila ruhusa.

Rudia hilo la mwisho. Bila ruhusa. Ukimwomba mwenye shamba akakukubalia, miaka yako 20 haihesabiki, kwa sababu ulipita kwa hisani yake. Haki inazaliwa na miguu ya watu ambao hawakuuliza. Sisi tuliolelewa kupiga hodi kila mlango tunapaswa kulitafakari hili vizuri. Nyumba hupigiwa hodi. Njia haipigiwi.

Na sheria haikuishia hapo. Mkulima akilima juu ya njia inayokata shamba lake, ana siku 14 za kuirudisha, upana usiopungua mita 1. Akiweka bango la uongo la kutisha wapita njia, ni kosa tangu 1949. Yaani kuna watu waliokaa bungeni wakafikiria mpaka bango la uongo. Mtu hatungi sheria ya namna hiyo kwa sababu anapenda maua. Anaitunga kwa sababu anamjua jirani yake.

Ndiyo maana zile picha za Cotswolds zinazojaa kwenye simu zenu zinanikera. Kanisa kwa mbali, ukuta wa mawe, ukungu, halafu maneno matamu kuhusu utulivu. Utulivu gani? Kilomita moja na nusu hivi kutoka Campden kuna kilima kinaitwa Dover's Hill. Njia ya Cotswold Way, inayoanzia hapo Campden na kwenda kilomita 164 hadi Bath, inapanda juu yake. Tangu karibu 1612 watu wa vijiji vya huko walikuwa wakikusanyika kilimani kwa michezo: mbio, mieleka, hata shindano la kupigana mateke miguuni. Michezo ilikoma 1852. Ile ardhi ya pamoja ilikuwa imegawanywa kwa wenye mashamba, ikazungushiwa ua. Michezo ilikuja kufufuliwa karne ya 20, lakini ardhi ya pamoja haikurudi.

Haikuwa Campden peke yake. Kati ya 1604 na 1914 bunge la Uingereza lilipitisha zaidi ya sheria 5,200 za kuzungushia ua ardhi, jumla ya ekari milioni 6.8 hivi. Kwa hiyo ule ukuta wa mawe unaoupiga picha, mara nyingi ni risiti ya ardhi iliyochukuliwa. Njia ya miguu inayoupenya ndiyo kipande ambacho maskini hawakukubali kukiachilia.

Rafiki yangu mmoja, nilipomsimulia haya, alicheka: "Kutembeatembea bila kwenda popote ni starehe ya wazungu wasio na shida." Basi mwambie hivyo Benny Rothman. Alikuwa kijana wa miaka 20 kutoka Manchester, fundi wa magari, wakati tarehe 24 Aprili 1932 yeye na mamia ya wenzake walipopanda Kinder Scout, mlima uliofungwa ili matajiri wawinde ndege. Walikuwa watu wa viwandani, wenye Jumapili moja tu kwa wiki ya kuvuta hewa isiyo na moshi. Watano walifungwa jela kwa sababu ya vurugu za siku hiyo. Miaka 17 baadaye ikaja ile sheria ya 1949, ambayo pia ililazimisha kaunti kuchora njia zote za umma kwenye ramani rasmi. Vile vistari vya kijani nilivyomwonyesha mzee vinatoka huko.

Mwingine akaniuliza kwa nini nawasifu watu waliotunyang'anya ardhi. Siwasifu. Nasema tuwatenganishe. Waliozungusha ua kule ni tabaka lilelile lililotuletea ua huku, pamoja na sheria ya ardhi ya 1915 iliyotufanya wapangaji wa mfalme kwenye mashamba ya babu zetu. Kisha kikaja kipande: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi akitembea na karatasi zake kwenye kikasha cha bati shingoni, aulizwe anakoenda. Katika miaka hiyohiyo ambayo mfanyakazi wa Manchester alikuwa akipigania kutembea bila kuulizwa, babu yangu alikuwa anaulizwa. Walituletea ua na polisi wake. Ile haki ya kupita waliiacha kwao.

Na hata kwao, wasijidanganye. Mwingereza anapenda kusema mashambani ni pa wote, lakini ardhi ambayo sheria ya 2000 inamruhusu kuzurura kwa uhuru ni asilimia 8 hivi ya England. Mahali pengine pote akitoka nje ya kistari cha kijani ni mvamizi. Na juu ya hicho kistari chembamba, bado kuna anayesimama getini na mbwa kuchuja nani amepotea na nani yuko kwao.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Dada yangu anawaosha wazee wa nchi ile, anawalisha, anawashika mkono wakifa. Kodi yake inakatwa. Njia ile ni yake kisheria leo, bila kungoja miaka 20, kwa sababu sheria inasema umma, na haisemi umma wenye viza nzuri. Kama hawezi kuipita bila kuomba samahani, basi ramani inadanganya.

Najua, ni rahisi kwangu kusema haya nikiwa kejani Nairobi. Mwenye kulipa gharama ni yeye. Lakini Rothman naye hakuenda peke yake. Walienda mamia. Kwa hiyo kama una ndugu kule, nesi, mtunza wazee, mwanafunzi, mtumie hii. Wakusanyike kumi, ishirini, siku ya mapumziko, na chapati kwenye mkoba. Wafungue geti, walifunge vizuri nyuma yao, kondoo wa watu wasitoke. Wakiulizwa kama wamepotea, waseme hapana, habari za asubuhi, na waendelee kutembea.