Tafuta sanduku, lakini usiyape maji kisogo

Hebu jiulize, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipotembea hadi shati likalowa jasho, na si kwa sababu ya mgomo wa matatu? Wengi wetu tunaoishi mijini tunatoka kitandani tukaingia garini, tukatoka garini tukaketi ofisini, na jioni tukaketi tena mbele ya televisheni. Kisha tunashangaa daktari anapotuambia shinikizo la damu limepanda. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kutembea kwa haraka kunahesabiwa.

Kwa hivyo sina ugomvi hata kidogo na mchezo uitwao jiokeshingi. Mtu huficha kisanduku chenye kijitabu ndani yake, akatangaza nambari za mahali kilipo, nanyi mkakitafuta kwa simu au kifaa kinachoongozwa na setilaiti. Ukikipata, unaandika jina lako na kukirudisha pale pale. Mchezo huu ulizaliwa Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya setilaiti zake yaliyotumiwa na raia. Siku chache tu baadaye, mtu mmoja katika jimbo la Oregon akaficha ndoo kichakani na kuwaambia wenzake waitafute. Leo visanduku hivyo vimefichwa kwa mamilioni kote duniani, na Nairobi vipo.

Mtoto anayekataa kutumwa dukani mita mia tatu atakwenda kilomita nane bila kunung'unika akisikia kuna kitu kimefichwa mwisho wa safari. Hiyo ni dawa, na haiuzwi katika famasia.

Ugomvi wangu ni mahali. Wapenzi wa mchezo huu huvutiwa sana na njia ngumu, zile za makorongo yenye kuta za mawe na kijito kinachopita chini. Visanduku hupewa hata alama, 1 hadi 5, kuonyesha ugumu wa ardhi yenyewe. Lakini alama hiyo huwekwa na aliyeficha, siku aliyoficha. Haiwezi kukuambia mvua inanyesha wapi leo.

Mwaka 2018 niliwapeleka wapwa zangu wawili katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, mwendo wa kilomita tisini hivi kutoka Nairobi. Tuliteremka katika korongo la Ol Njorowa tukiwa na mwelekezi, mzee wa makamo mwenye maneno machache. Mpwa wangu mkubwa alikuwa ameweka alama kwenye ramani ya simu yake nyumbani, ili afanye mazoezi ya mchezo huo. Alitembea macho yakiwa kwenye kioo. "Shangazi, bado mita sita!" Baada ya hatua mbili, simu ikasema ishirini. Sikushangaa, kwani kuta ndefu za korongo huziba mawimbi mengine na kuyarudisha mengine kama mwangwi, simu ikababaika.

Mzee yule hakuitazama simu. Alikuwa akitazama juu. Nami nilipoinua macho niliona matawi makavu na nyasi zimekwama kwenye ufa wa mwamba, juu kabisa ya vichwa vyetu.

"Mzee, yale yalifikaje pale?"

"Yaliletwa na maji, mama."

Mwaka uliofuata, Septemba 2019, watu saba walisombwa na mafuriko na kufa katika korongo hilo, mwelekezi akiwa miongoni mwao. Na haikuwa mara ya kwanza. Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa kutoka Nairobi walikufa papo hapo kwa njia iyo hiyo.

Jambo ambalo mtu wa mjini huchelewa kulielewa ni kwamba si lazima mvua ikunyeshee wewe. Inanyesha mbali kwenye miinuko, maji yanatiririka juu ya ardhi ngumu isiyoyanywa, kisha yote yanajibana katika mlango mmoja mwembamba. Wewe uliye chini unaona jua na mchanga mkavu. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yale huja na mawe na magogo.

Sasa mweke humo mtu aliyeinama, akipapasa chini ya jiwe, masikio yakiwa kwa wenzake wanaomwambia "kushoto kidogo". Naona hapa ndipo mchezo wenyewe una kasoro, na wanaoupenda wakubali. Unamfundisha mtu kutazama chini mahali ambapo anapaswa kutazama juu.

Kwa maoni yangu, kisanduku kisifichwe kamwe kwenye sakafu ya korongo. Kiwekwe juu ukingoni, kwa idhini ya wenye ardhi, au ya wasimamizi ikiwa ni mbuga, na kisitiwe chakula ndani kwa sababu nyani hawahitaji setilaiti. Kutembea kutakuwa kule kule na jasho lile lile.

Wewe unayetafuta, waulize askari wa mbuga mlangoni mvua imenyesha wapi na ni sehemu gani zimefunguliwa siku hiyo. Wakikuambia hapana, usimtafute kijana wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma. Miezi ya masika na vuli, chagua njia nyingine. Mkiwa ndani, mmoja asitafute chochote. Kazi yake iwe kutazama upande maji yanakotoka na kukumbuka mahali pa kupandia. Maji yakigeuka rangi ya udongo au ukisikia ngurumo, pandeni papo hapo. Msikimbie kufuata korongo, kwa maana maji yatawashinda mbio.

Na enyi viongozi wa makanisa, shule na kampuni, acheni kupeleka basi zima nyuma ya mwelekezi mmoja. Watu sitini hawawezi kupanda ngazi moja kwa dakika mbili.

Siku ile yetu, wingu jeusi lilitokea upande wa milimani na mzee akasema tunarudi. Zilibaki mita sita, kwa hesabu ya simu. Mpwa wangu alinuna njia nzima hadi Naivasha mjini, akakataa hata kunijibu. Alipowekewa samaki wa kukaanga mezani, akasahau.