Kiongozi Ahesabiwe Kwanza

Uwajibikaji kazini ni hali ya kila mtu kujua alichokabidhiwa, kukitenda, na kuwa tayari kueleza mbele ya wenzake kimekwendaje. Haujengwi kwa ukali. Kiongozi anayegonga meza kila asubuhi hupata watu wanaomwogopa, na mwoga ni hodari wa kuficha: jembe lililovunjika hurudishwa stoo kimyakimya, na fedha zilizopungua hutafutiwa stakabadhi ya kuzifunika.

Katika kata ya Dindira, wilayani Korogwe, kwenye milima ya Usambara Magharibi, hulimwa chai, na chai haina subira. Huchumwa majani mawili na chipukizi. Yakishindiliwa na kukaa muda mrefu hupata joto, hubadilika rangi, na hakuna mtambo wa kuyarudishia ubora wake. Kati ya mchumaji, karani wa mizani, dereva na kiwanda, uzembe wa mmoja huharibu jasho la wote. Hapo ndipo watu huanza kurushiana lawama. Msimamizi mwenye busara huzikata mapema: kila mmoja anajua kazi yake inaanzia wapi na inaishia wapi, mizani husomwa mchumaji akiiona, na kilo huandikwa papo hapo. Karani anayesoma mizani huku akiwa ameikinga kwa mgongo wake atashukiwa tu, hata awe mwaminifu kiasi gani, na kosa si la wanaomshuku.

Shule nzuri zaidi ya uwajibikaji ni vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo sasa vimeenea vijijini kote Tanzania. Utaratibu ambao vikundi vingi vinaufuata ulianzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE. Sanduku la fedha lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu. Anayelala na sanduku nyumbani hana hata ufunguo mmoja. Mkutano ukianza, wanachama hutaja salio la mkutano uliopita kabla fedha hazijaguswa. Kisha sanduku hufunguliwa, na wahesabuji wawili huhesabu noti mbele ya wote. Wapo wanaodhani kufuli tatu ni tusi kwa mtunza sanduku. Kinyume chake, ndizo ngao yake: siku hesabu ikipungua, hakuna awezaye kumnyooshea kidole peke yake.

Mtihani wa kikundi huja siku mwenyekiti mwenyewe anapochelewa. Akisamehewa faini ya kuchelewa kwa kuwa alikuwa na wageni wa kata, kanuni imekufa siku hiyo, ingawa daftari la faini litaendelea kuandikwa. Kiongozi anayetaka wenzake wawajibike na alipe faini yake wakati wote wanamwona, tena bila hotuba. Taarifa yake nayo itangulie kusomwa kabla hajadai za wengine.

Ngazi ya kijiji inayo sheria tayari. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 imeweka halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25, na juu yake mkutano mkuu wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa utaratibu, mkutano huo hukutana walau mara moja kila miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Udhaifu umo katika namna ya kusoma. Taarifa ikiwekwa mwisho wa ajenda, jua likiwa linazama na kina mama wakiwaza chakula cha jioni, hiyo imesomwa lakini haikusikika. Na ibandikwe siku kadhaa kabla, ili watu waje na maswali. Na anayeuliza asiitwe mpinga maendeleo.

Likitokea kosa, lipimwe kwa ukubwa wake. La kwanza na dogo huongelewa faragha. La kujirudia huletwa kikaoni. La wizi hupelekwa kwenye sheria, wala halizimwi kwa undugu. Aliyekosea naye aachiwe mlango wa kurudi. Wala kuwajibika si mwisho wa mtu: Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 baada ya watuhumiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola huko kanda ya ziwa, ingawa si yeye aliyewatesa. Alibeba dhamana ya wizara yake. Mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kama kuwajibika kungekuwa kaburi la kisiasa, nani angemfuata katika njia hiyo? Wachache waliomfuata, hata hivyo, ni aibu ya wengi waliobaki vitini.

Sehemu inayosahauliwa zaidi ni makabidhiano. Viongozi wengi huondoka na daftari kwapani, na mrithi huanza kwa kuuliza mitaani nani anadaiwa nini. Daftari, funguo, mihuri na orodha ya madeni vikabidhiwe kwa maandishi mbele ya mashahidi, na anayepokea ahesabu mwenyewe kabla ya kutia saini, hata kama anayemkabidhi ni mjomba wake.